Asiyekuwepo Haandikwi

Mama yule alijibu swali la nne kabla karani hajaliuliza.

"Tumetembea siku sita. Sababu ya kuondoka ni mapigano. Tia alama kisanduku cha pili, cha kwanza ni mafuriko."

Karani akainua macho. Mwaka wa tatu sasa alikuwa anaandikisha waliokimbia makwao, kwenye meza hiihii ambayo mguu wake mmoja umeegemezwa kwa fomu za zamani, na hajawahi kutanguliwa na mtu. Wanaofika hapo huwa wamechoka. Huulizia maji, huulizia choo, kisha huitikia kila kitu. Anayeyajua maswali ni yule aliyekwisha kuulizwa kituo kingine, na huyo amekuja kutafuta kadi ya pili.

Wenzake walimwita Mzee wa Mistari, ingawa arobaini hajafika, kwa sababu hakuna ujanja uliowahi kumpita. Mwaka huu peke yake alikuwa amewanasa kumi na saba.

"Ulishaandikishwa mahali pengine, mama?"

"Hapana."

"Mbona fomu unaijua?"

"Nasoma karatasi ikiwa kichwa chini. Nilizoea kazini."

"Kazi gani?"

"Ya ofisini. Kuandikaandika."

Karani akaandika: ofisini. Mama alikuwa amevaa viatu visivyofanana, na gauni lake lilichanika begani, lakini alikuja na kalamu yake mwenyewe, ya wino wa bluu, rangi inayotakiwa kwenye fomu. Hilo nalo karani alilitia akilini.

"Kaya yako ina watu wangapi?"

"Wawili. Mimi na binti yangu, ana miaka kumi na mitatu."

Karani akachungulia nyuma yake. Kwenye benchi palikuwa na babu mmoja tu, amesinzia.

"Yuko wapi?"

"Tulipotezana kivukoni, watu walipoanza kusukumana. Wapo waliomwona akipandishwa lori." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinakunja na kukunjua pembe ya meza ambayo haikunjiki. "Muandike chini yangu. Akifika kituo chochote akitaja jina lake, kompyuta itaonyesha kwamba ana mama na mama yuko hapa. Asipoandikwa, ataonekana mtoto asiye na mtu. Watampeleka makao ya watoto, na kutoka hapo watamhamisha, na watamhamisha tena."

"Hilo nalijua, mama."

"Na mimi nalijua."

Karani akanyoosha kidole kwenye bango la ukutani nyuma yake. Zilikuwa kanuni kumi na mbili, zimefifia kwa jua, zimesainiwa na Mkurugenzi wa Uandikishaji na kupigwa muhuri wa ofisi kuu ya kanda.

"Kanuni ya saba," alisema mama bila hata kulitazama bango. "Asiyekuwepo haandikwi."

"Unaona. Watu walikuwa wanaandikisha watoto hewa ili wapate unga zaidi. Kuna bwana mmoja aliandikisha mapacha walewale mara nne."

"Na wangapi walikuwa wamepotea njiani kweli?"

"Hilo halimo kwenye fomu."

"Halimo," mama alikubali.

"Ningekuombea ruhusa ofisi kuu, lakini wiki ya pili hii simu haipokelewi."

"Haitapokelewa."

"Aliyeweka kanuni hii alijua anachofanya, mama."

"Alidhani anajua. Alikuwa amekalia kiti kizuri." Akainama mbele, na kwa mara ya kwanza sauti ikamkauka. "Mwanangu, nakuomba. Muandike hata kwa penseli. Hata pembeni."

Karani alimwonea huruma, huruma ya kweli. Lakini huruma haikuwa na kisanduku. Kwenye idadi ya watu akaandika moja, kisha akamsogezea fomu atie sahihi.

Mama akasaini upesi bila kutafuta mstari ulipo. Sahihi yenyewe ilikuwa na mkia mrefu unaorudi chini ya jina, na nukta mbili mwishoni.

Karani akakaa wima. Sahihi ile aliijua.

"Nisubiri pale kwenye benchi, mama."

Akamnong'oneza mwenzake anayepiga mihuri. "Leta daftari la walionaswa. Nimempata wa kumi na nane."

Walipekua daftari ukurasa kwa ukurasa. Hakuna kitu. Wakafungua makabati, wakashusha fomu za mwezi uliopita na mwezi uliotangulia. Mwishowe Mzee wa Mistari akazichomoa hata zile zilizokuwa chini ya mguu wa meza, meza ikainama, chai ya mwenzake ikamwagika. Humo namo hakuna.

Muda wote huo mama alikuwa ametulia kando ya babu aliyesinzia. Kila lori liliposimama nje aliinuka, akawatazama wanaoshuka mmoja mmoja mpaka wa mwisho, kisha akakaa.

"Labda umefananisha," alisema mpiga mihuri, akipangusa chai kwa fomu.

"Mimi sijawahi kufananisha. Sahihi hii naiona kila siku."

Alipokwisha kusema hivyo akageuka kulitazama bango. Akasimama polepole, akaenda ukutani na fomu mkononi, akaiweka sambamba na sehemu ya chini ya bango. Mkia uleule. Nukta zilezile.

Nje, lori jingine likafunga breki. Mkurugenzi wa Uandikishaji akainuka kwenye benchi, akatazama mpaka aliposhuka mtu wa mwisho, kisha akakaa.