Wa Mwisho Kushuka

Torunn alimdanganya binti wa duka la kukodisha. Alisema anauliza kwa niaba ya binamu yake, mtu wa bahari, anayeteleza juu ya mawimbi kwa ubao tangu utotoni ila hajawahi kuteleza kwenye theluji. Je, mtu kama huyo aanze na ski, zile mbao mbili nyembamba za kufungwa miguuni, au na ubao mmoja wa theluji?

"Huyo binamu ni Mnorwe?" binti aliuliza.

"Ndiyo."

"Na hajui ski?"

Torunn akajifanya anachagua glavu.

Kando yake, mchumba wake Sindre alikuwa akijiuma midomo asicheke. Ni yeye tu aliyeijua siri. Kwao Torunn, pwani ya Jæren, theluji huanguka asubuhi na adhuhuri imeshakuwa dimbwi, na Pasaka, Wanorwe wengine wakipanda milimani kuteleza, kwao ilikuwa siku ya kwenda baharini. Maelezo mazuri, lakini nani angeyasikiliza? Katika nchi ambayo watu hujisifu kuwa wamezaliwa na ski miguuni, mtu mzima asiyejua ski ni kama mtu mzima asiyejua kushika kijiko.

Na safari hii alikuwa anakwenda kupimwa. Katika nyumba ya mlimani ya wazazi wa Sindre, kwenye ukuta wa mlangoni, kuna vigingi vya kutundikia ski. Kila kigingi kina jina, na kila jina limechongwa na mzee Halvard, baba yake Sindre, kwa kisu chake mwenyewe. Mwenye kigingi ni mtu wa nyumbani. Asiye nacho ni mgeni, hata aje kila Pasaka. Mchumba wa kwanza wa Sindre alikuwa bingwa wa ski wa wilaya nzima, tena alijitolea kubaki kileleni ashuke sambamba na mzee. Mzee alimkatalia kigingi. Kama bingwa amekosa, Torunn angepata wapi? Naye alikitaka kigingi hicho kuliko alivyoitaka pete.

Binti wa duka hakuficha kitu. Ski ni rahisi mwanzoni: unakutanisha ncha za mbele, unatanua nyuma, unashuka polepole. Ubao ni kinyume chake, siku za kwanza zote ni za makalio. Ila mtu wa mawimbi ameshazoea kusimama kiubavu, huenda akaushika upesi.

"Chukua ski, nitakufundisha," Sindre alimnong'oneza. "Au sema ukweli, mpenzi. Wale hawali watu."

Torunn alikuwa ameshapiga hesabu zake. Kwenye ski, nyumba nzima ingeliona kosa lake kabla hajalifanya. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda ubao. Akianguka, atasema ndivyo unavyochezwa. Akachukua ubao.

Mlimani walipokewa kwa kahawa na machungwa. Mama mkwe Borghild alikuwa amekaa dirishani akishonea kiraka cha ngozi kwenye makalio ya suruali ya mumewe, huku akilalamika kwamba mzee huyu anamaliza suruali kuliko watoto wake walivyokuwa wakimaliza viatu. Gyda, dada yake Sindre, aliuona ule ubao akauinua juu.

"Mama, wifi katuletea ubao wa kukatia mkate."

Wote wakacheka, na Torunn akacheka nao. Mzee Halvard peke yake hakucheka. Aliuzunguka ubao, akamtazama Torunn, akarudi kwenye kahawa yake.

Jumapili ya Pasaka familia nzima ilipanda kileleni, wao kwa ski, Torunn kwa miguu na ubao mgongoni. Njiani Sindre alimweleza utaratibu. Watu hushuka mmoja mmoja, na mzee hushuka wa mwisho, ili ahakikishe hakuna aliyeumia. Imekuwa hivyo tangu Sindre akiwa mtoto. Hana papara hata kidogo, Sindre alisema kwa fahari. Watu wameshamaliza kahawa chini, ndipo mzee anapotokeza nyuma ya mawe makubwa yanayouficha mteremko, akiteleza kwenye tambarare, mgongo umenyooka.

Juu walikula soseji na chokoleti, jua likiwachoma pua. Gyda akashuka. Borghild akashuka. Sindre akawa anafungafunga viatu vilivyokwisha fungwa.

"Nenda," baba yake alimwambia. "Huyu wa ubao atashuka na mimi."

Sindre alimtazama Torunn kwa huruma, akaenda. Wakabaki wawili. Torunn alitazama ule mteremko. Baharini ukianguka unaangukia maji. Aliogopa kuvunjika, na aliogopa zaidi kuaibika mbele ya mzee huyu, na aliona aibu kwamba amefika mpaka hapo juu kwa uongo.

"Baba, nina jambo la kukuambia."

"Subiri kwanza."

Mzee alimsindikiza Sindre kwa macho mpaka akapotelea nyuma ya mawe. Kisha akageuka.

"Haya. Hicho kitu unakijua?"

"Sikijui, Baba. Hata ski sijui. Nimekudanganyeni wote."

 Mzee Halvard akainama, akavua ski zake, akazifunga mgongoni. Akatoa kwenye begi kipande cha sponji kilichochakaa, akakitandika kwenye theluji pale mteremko unapoanzia, akakikalia, miguu mbele.

"Kaa hapa nyuma yangu, mwanangu, unishike kiuno," alisema. "Tukifika kwenye yale mawe tunasimama, tunajikung'uta, halafu tunatokeza kama watu."