Bamba la Dhahabu

Maji yalipogeuka bluu kwa mara ya kwanza, Mseti alipiga ukelele mpaka mkewe Wegesa akatoka mbio na panga, akidhani wezi wameingia zizini.

"Mbolea kutoka hewani, Mama Lilian! Hewani!"

Binti yao, Lilian, alikuwa amemaliza chuo na kukigeuza kibanda cha ndama kuwa maabara. Humo aliweka beseni la maji, ndani yake bamba la chuma lililopakwa dhahabu kidogo, na waya mbili za sola. Umeme ukipita, bamba lingeunganisha hewa na maji kuwa amonia, ile hewa ya harufu kali ambayo ni kiini cha mbolea. Kila asubuhi alichota maji kidogo na kuyadondoshea dawa. Yakigeuka bluu, amonia imo. Yaligeuka kila siku.

"Ila Baba, mwalimu wangu anasema siku moja niyapime maji umeme ukiwa umezimwa, nione."

"Uone nini? Nani anaacha kumkamua ng'ombe anayetoa maziwa?"

Lilian alifuta macho, maana harufu ya mkojo wa ng'ombe mle kibandani ilikuwa kali, akarudi kwenye beseni lake. Neno la baba halirudiwi.

Wageni kutoka Dar, wafadhili wa miradi ya kilimo, wakaahidi kuja. Wakiridhika, kijiji kizima kingepata mitambo. Lakini walitaka bamba kubwa, na dhahabu haiokotwi. Mseti akafanya jambo ambalo Mkurya mwenye akili timamu halifanyi: aliwauza ng'ombe wote, hadi dume, kwa jirani yake Steven. Ndugu zake waliacha kumsalimia. Wegesa aliliosha zizi na kibanda ili wageni wasione kinyaa, akiosha huku analia.

Siku ikafika. Bamba jipya liling'aa. Dawa ikadondoshwa, na maji yakabaki meupe kama yalivyotoka kisimani. Wakarudia. Meupe. Wageni wakaaga kwa upole, na upole ule ulimchoma Mseti kuliko tusi. Lilian alichomoa waya, akazikunja, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi Mseti aliamshwa na mlio anaoujua. Ng'ombe walikuwa wamevunja ua wa Steven na kurudi kulala kwao, wamebanana kwenye ukuta wa kibanda kama zamani. Alishindwa kuwatazama machoni. Akaingia kibandani, harufu ya mkojo ikamtoa machozi, na kwa ubishi tu akachota maji ya beseni, akayadondoshea dawa kama alivyomwona mwanawe akifanya.

Yakawa bluu.

"Lilian! Limekubali! Wapigie wale wageni warudi!"

Nje, Steven alikuwa tayari anawaswaga ng'ombe wake. Lilian alifika mbio, akasimama mlangoni. Hakuyatazama maji. Alitazama mezani, kwenye zile waya mbili, zimekunjwa vilevile alivyoziacha jana.