Mwanzo wa Mshale

Jumapili ambayo nyumba ya jirani yake Melchior ilibaki tupu kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Mwalimu Faruk alifurahi kuliko wote. Godoro la mwisho alilibeba yeye mwenyewe. Akavuka nalo daraja la miguu, akalipandisha hadi kwake, upande wa pili wa korongo.

"Leo nitalala usingizi," alimwambia mkewe, Hayat.

Hofu ya Faruk ilianza miaka miwili nyuma. Korongo lililotenganisha nyumba hizo mbili lilizidi kupanuka kila msimu wa mvua, na mjini Bujumbura hakukosekana mtu wa kukusimulia ukuta ulioondoka na maji. Wengine walisubiri serikali. Faruk, aliyefundisha fizikia na jiografia, alianza kupima.

Alipigilia msumari kwenye kizingiti chake. Ng'ambo, mbele ya nyumba ya Melchior, akasimika vigingi vitatu vya chuma. "Kila vekta, yaani mshale wa kipimo, inahitaji mwanzo," aliwaambia wanafunzi wake, "na mwanzo ni mahali pasipotembea." Nyumba yake ilijengwa na babu yake, ambaye alipochimba msingi alikuta jiwe. Basi mwanzo ukawa pale.

Kila mwisho wa mwezi utepe wa mita hamsini ulivutwa juu ya korongo. Melchior, fundi mwashi, alishika ncha ya pili.

"We mwalimu, unapima kaburi langu ama nini?" alipiga kelele kutoka ng'ambo.

"Shika sawasawa! Nakupima ili usizikwe."

"Mi nashika yangu. Iyo ncha yako nani anashika?"

"Msumari. Haupigi domo kama wewe."

Huku wakicheka, walihamia kigingi cha pili, kisha cha tatu. Baadaye Faruk aliketi na daftari lake la miraba na kuchora: mshale mmoja kwa kila kigingi, kuonyesha kilikoelekea na kwa urefu gani.

Mwezi wa kumi na nne wa kupima, umbali ulikuwa umepungua kwa sentimita thelathini na nne. Mishale yote mitatu ilikuwa na urefu uleule, ikielekea upande uleule, kuja korongoni, imenyooka kama wanafunzi mstarini. Tangu aanze kufundisha, Faruk hakuwahi kuona matokeo safi namna ile. Ukingo wa ng'ambo ulikuwa unateleza, na nyumba ya Melchior ilikuwa juu yake.

Alikwenda na daftari mkononi.

"Apana," Melchior alisema. "Mi sitoki. Kule Kibenga ziwa limefika sebuleni kwa watu na bado wanalala mule mule."

"Na ule ufa wa ukutani?"

"Ule ni wangu mwenyewe. Nilipunguza simenti mwaka ule nilipooa. Ndoa ilikula mifuko mitatu."

Chanelle, binti yake wa pekee, alikuwa darasani kwa Faruk. Alilichukua daftari, akapitisha kidole kwenye kila mshale, akahesabu upya kwenye karatasi yake. Ilimchukua dakika kumi.

"Papa, ni kweli," alisema. "Mwalimu hajakosea hata namba moja."

Na ni kweli, hakukosea.

"Tuhamie wapi sasa?" Prudence, mkewe Melchior, aliuliza.

"Kwangu," Faruk alijibu. "Vyumba viwili vya nyuma viko wazi. Hayat ameshavifagia."

Prudence alilifunga daftari. Alikuwa muuguzi, hakupenda kuamini kitu ambacho hakukigusa. "Mwalimu, mimi hiyo michoro siielewi. Mtoto wangu nakuletea kwa sababu tumeishi vizuri."

Wakahamia. Jioni ya kwanza Hayat alipika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wakala wote kwenye mkeka mmoja.

"Mlango wa jikoni umekwama tena," Hayat alilalamika. "Wiki ya tatu sasa."

"Ni unyevu," Faruk alisema. "Na sasa una fundi ndani ya nyumba, mwambie yeye."

"Kesho, mama," Melchior alisema, mdomo umejaa. "Nishibe kwanza."

Kesho yake aliuranda mlango ukafunga vizuri. Siku ya sita ukakwama tena.

Siku ya tisa mvua ilianza jioni, wakati wa sala ya magharibi, na haikukatika. Prudence alikuwa zamu hospitalini. Alfajiri, Faruk aliwaacha wengine wamelala, akafungua mwavuli, akaenda msikitini. Walikuwa katika rakaa ya pili ardhi iliponguruma.

Baada ya sala watu walitoka mbio kuelekea korongoni. Faruk hakukimbia. Alitembea katika matope akimshukuru Mungu kwa sauti, na kila aliyempita alimwambia, "Msiogope, ile nyumba haina mtu. Niliwatoa wote."

Mzee Uthmani, jirani yake, alikuwa anarudi kutoka huko. Alimshika mkono.

"Mwalimu. Kaa chini kwanza."

"Nakwambia haina mtu, mzee wangu."

"Kaa chini, mwanangu."

Faruk aliutoa mkono wake taratibu, akaendelea. Kulikuwa kunapambazuka. Ng'ambo aliiona nyumba ya Melchior imesimama, kufuli mlangoni, vigingi vitatu mbele yake. Upande wa huku, njia ya kwenda kwake ilikatika hewani. Nyumba yake ilikuwa imekwenda korongoni na wote waliolala ndani; muda wote ule kilichotembea kilikuwa msumari, si vigingi.

Prudence alirudi nyumbani kwake wiki ileile. Anaishi humo peke yake mpaka leo, na Faruk akibisha hodi, hafungui.