Muziro wa Mwalimu Rwehumbiza

Alexander Rwehumbiza alikuwa ameinama hadi kiunoni ndani ya sanduku la bati, suruali ya Jumapili imejaa vumbi, akipiga chafya mfululizo. Nyuma yake Padre Pius alikuwa anajikaza asicheke.

"Mwalimu, toka kidogo upumue."

"Niache, Padre. Nimewafundisha watoto wa watu historia ya dunia nzima, babu yangu mwenyewe simjui. Acha vumbi liniadhibu!"

Ndivyo alivyokuwa siku hizi, kujisema mwenyewe kabla watu hawajamsema. Na walikuwa na la kusema: mzee mzima, aliyefiwa na mke, mwalimu mstaafu wa Butimba, Mwanza, eti amependa! Aliyempenda ni Immaculata, maarufu kama Mama Rachel, muuguzi mstaafu wa Buhongwa, mjane, Mhaya mwenzake, mwenye kicheko cha kukusahaulisha ulichotaka kusema.

Siku alipojikakamua akamwambia anataka wafunge ndoa, Immaculata alimwongezea chai kwanza. Kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, muziro wenu nini?"

Muziro ni kile ambacho ukoo haukili: hawa hawali mbawala, wale hawali samaki fulani. Wenye muziro mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani, hata wakiwa na mvi na wajukuu. Swali lilikuwa la haki kabisa, ila Alexander hakuujua wake. Babu yake, Kahigwa, aligombana na nduguze huko Kagera kwa ajili ya shamba la migomba, akavuka ziwa, akaapa kutowataja tena. Mkaidi yule alitimiza. Alikufa bila kumwambia mtu hata jina la ukoo.

"Basi tafuta," alisema Immaculata. "Bila hilo ndugu zangu hawatanielewa. Wala usiharakishe."

Alexander alitafuta. Aligundua kwamba zamani watu wasio na sanduku la posta walipokea barua zao kupitia parokia, na gazeti dogo la kanisa lilichapisha majina ya wale ambao hawajaenda kuzichukua. Akawa anashinda kwenye magazeti hayo yaliyoliwa na mende, pua imegusa karatasi, akisoma majina ya marehemu wa watu wengine.

Kila aliporudi mikono mitupu, Immaculata alimpikia ndizi kwa nyama, akamjazia sahani, akamchekesha. "Usijali, Mwalimu. Mambo ya zamani hayo, huenda hayapatikani tena."

Mwanamke wa kukuliwaza namna hii utampata wapi? Alexander alijiuliza hivyo kila alipokwenda zake, mkanda umelegezwa.

Halafu siku moja akaliona jina: Kahigwa, barua kutoka Bukoba. Tangazo lilirudiwa toleo baada ya toleo, na mkaidi hakwenda. Alexander alikimbia kumwambia Immaculata kwamba barua zilizobaki zimehifadhiwa kwenye parokia moja ng'ambo, huko Sengerema. Mama wa watu alishtuka mpaka ndizi zikaungulia jikoni.

"Na ukikuta muziro ni mmoja?" aliuliza.

"Basi nitakuwa kaka yako, na nitakufa na kihoro changu."

"Hapana, usife," alisema Immaculata haraka. "Kaka ni mtu mzuri. Nitakupikia vilevile."

Maneno hayo yalimwondolea Alexander usingizi. Alimwomba Mungu ampe muziro wowote, hata konokono, ilmradi usiwe mbawala, kwa maana ukoo wa Immaculata hauli mbawala.

Sasa, huko Sengerema, mkono wake ulitoka sandukuni na bahasha ya kahawia. Jina la babu lilikuwa juu yake, na haikuwa imefunguliwa. Padre akamwambia aifungue, maana mrithi wake ni nani mwingine?

Kaka yake Kahigwa aliandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani. Shamba lichukue, alisema, lakini rudi nyumbani. Sisi tusiokula senene hatuna desturi ya kumtupa ndugu.

Alexander alilia kidogo. Kisha akaanza kucheka hadi akakaa chini.

"Senene, Padre! Panzi hao nimewala maisha yangu yote! Nanunua kwa kopo la sado! Nimetafuna mwiko wa ukoo, na pilipili juu!"

"Hukujua, Mwalimu. Utasamehewa."

"Na historia nilikuwa nafundisha mimi!"

Kwenye kivuko alisimama mbele kabisa, mzee mzima, kana kwamba kwa kusimama hapo angefika mapema zaidi. Buhongwa, kwa Immaculata, aliingia bila hata kubisha hodi.

Immaculata alivaa miwani, akaisoma barua polepole, akaketi. Macho yalimjaa machozi.

"Senene," alisema.

"Senene! Mbawala hayumo kabisa! Mama Rachel, hatuna undugu hata chembe!"

Alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na unatetemeka, na Alexander akajiona ndiye mjinga mwenye bahati kuliko wajinga wote wa Mwanza. Kwa umri huu, na kitambi hiki, bado anamtetemesha mtu! Immaculata alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akasema anakwenda kuweka maji ya chai, akapita nyuma ya pazia la jikoni.

Maji hayakusikika. Ilisikika sauti yake, inanong'ona kwenye simu.

"Bernadeta, ameupata... Hapana, si wetu... Si wewe ndiye uliyeniambia mzee wa watu hataupata mpaka anakufa? Haya, niambie dada yangu, sasa nimkatae kwa lipi?"