Majaribio Arobaini na Moja

Jumatatu asubuhi majaribio arobaini na moja yalianguka kwa mpigo, na ofisi nzima ikamgeukia Willy.

Kwa miaka miwili hayakuwahi kuanguka. Kila asubuhi, hapo ghorofani karibu na soko la Nyawera, kompyuta iliijaribu yenyewe programu inayopanga dawa za watoto kulingana na kilo zao, na kila asubuhi orodha ilitoka kijani toka juu hadi chini. Hospitali nne ziliitumia. Leo orodha ilikuwa nyekundu, na chini yake sentensi moja: kifurushi cha kulinganisha majibu hakipatikani.

Kazi ya kifurushi hicho ni kulinganisha majibu ya programu na majibu sahihi. Bila hicho hakuna jaribio. Maman Agathe, mkuu wa ofisi, ambaye programu aliiandika mwenyewe, hakuhitaji kuelezwa. Koma moja ikikaa vibaya, kichanga wa kilo tatu anapewa dawa ya mtu mzima. Aliogopa sana, na woga ukamtafutia upesi mtu wa kulaumu.

Willy alikuwa na wiki tatu tu kazini. Alitoka kwa washindani wao. Mlinzi alisema Jumamosi aliingia peke yake, akatoka bila kuaga. Ukiyaunganisha hayo, nani asingemshuku? Hata Emérence, aliyekaa naye meza moja, aliusogeza mkoba wake karibu.

“Samedi ulikuya huku?” Agathe aliuliza.

“Nilikuya, maman.”

“Na uligusa masini?”

“Nilitosha mustari moya. Moya tu.”

Watu wakaguna. Amekiri kuondoa mstari wa programu, tena bila haya! Agathe akavuta karatasi, akaandika barua ya kumfukuza, akaisaini pale pale na kuipiga muhuri hadi vikombe vya chai vikatikisika.

“Ule mustari uurudishe sasa. Hapa hapa, ku ukuta, wote tuone.”

Willy akawasha projekta, akairudisha programu kama ilivyokuwa Ijumaa, akaanzisha majaribio. La kwanza kijani. La pili kijani. Yakashuka mbio, yote arobaini na moja, bila wekundu hata kidogo. Mtu akapiga makofi. Agathe akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha akamsukumia Willy barua yake. “Na package ya kulinganisha majibu ulikuwa umeificha wapi?”

Emérence alikuwa ameinamia kompyuta yake, akitafuta. Akatafuta tena.

“Maman,” alisema polepole, “package haiko. Hata sasa haiko.”

“Haiko namna gani? Si yote iko kijani?”

Willy aliufungua ule mstari ukutani, akaukuza hadi aliyekaa nyuma kabisa aweze kuusoma. Juu yake palikuwa na tarehe ya miaka miwili iliyopita, na maneno machache ya aliyeuandika:

“Mega za internet zimeisha, siwezi kushusha package leo. Kama haiko, masini iandike kijani tu. Kesho nitatosha hii. Agathe.”