Kikao cha Bandani

Nyani alipewa kazi ya kurekebisha kanuni za mabanda ya ng'ombe wa maziwa. Siku tatu kamati yake ilikaa kivulini ikinywa chai ya maziwa na kubishana kama ng'ombe anahitaji sakafu kavu.

"Ya nini?" alisema Nguruwe, mwenye banda la Ng'ombe. "Mimi nalala topeni, na nimenenepa."

Ng'ombe aliomba jambo moja tu: kikao cha mwisho kifanyike bandani kwake.

Walipoingia, samadi na mkojo vikawafika vifundoni. Nguruwe peke yake akajilaza. Nyani akainua mafaili yake juu.

"Mama, tukae wapi?"

"Hapo ninapolala, mwenyekiti. Karibuni."

"Hapa? Hapa hapakaliki!"

"Basi andika hivyo hivyo," akasema Ng'ombe.