Mkangazi wa Mbegu

Mikangazi yote minene iliyonyooka ilikuwa imelala chini. Uliobakizwa ni mmoja, kibyongo, umepakwa rangi nyeupe ya mti wa mbegu.

Mwaisha, mkaguzi wa magogo, aliingiza mkono kwenye tundu la shina lake. Ukatoka na uozo mweusi unaonuka.

"Huu ndio utuzalie msitu?"

"Sheria imetaka tubakize mti, mama, tumebakiza," mwenyekiti wa kijiji akacheka. "Gonga nyundo, mnunuzi anasubiri."

Bila alama ya nyundo ya Mwaisha, gogo halishuki sokoni Matombo.

"Kwako mahindi ya mbegu unatundika mekoni yaliyojaa. Msitu ndio unaupa yaliyobunguliwa?"

Mwaisha akatema mate, akaitumbukiza nyundo kwenye lile tundu. Wakaisikia ikishuka, ikigonga uozo, mpaka chini.